Taroti ya Rider-Waite: iulize tano ya kopa kabla ya kulipa

Unayenunua taroti hii, yaani karata za kupigia ramli, Kampala, iwe dukani au mtandaoni, omba kuonyeshwa karata moja tu: tano ya vikombe. Mcheza karata akiiita tano ya kopa hajakosea. Neno kopa tulilipata kwa Wareno, na kwao copas ni vikombe.

Ni karata ya hasara, na ina vitu vidogo ambavyo chapa mbovu huvimeza. Mtu wa joho jeusi ameinamisha kichwa chini ya mbingu ya kijivu. Mbele yake vikombe vitatu vimepinduka, vimemwaga kimiminika chekundu na cha kijani. Viwili vimesimama nyuma ya mgongo wake. Ng'ambo ya mto kuna ngome ndogo, na daraja la kuifikia lipo, ila yeye hajageuka. Arthur Edward Waite, aliyemwagiza Pamela Colman Smith michoro hii iliyotoka London mwaka 1909, aliieleza kuwa hasara yenye masalio: vitatu vimekwenda, viwili vipo. Aliitaja pia kuwa karata ya urithi usiofikia matarajio. Maana hii wengi huiruka, kumbe kwetu ndiyo yenye wateja: ndugu wamegawana kibanja cha marehemu, na fungu la mtu limetoka dogo kuliko alivyohesabu. Ikitoka kichwa chini, Waite anataja habari, undugu, kurejea, lakini pia mipango ya uongo. Usimpe mtu pole kisha ukamwahidi neema.

Seti ya U.S. Games Systems, kampuni ya Marekani inayoichapisha, ina karata 78 za picha, kila moja kama sentimita 7 kwa 12, na kijitabu. Nakala za bei ya chini mara nyingi huwa ndogo, na badala ya kijitabu unapewa msimbo wa QR. Kwenye nakala hizo daraja hugeuka doa, na vikombe viwili huzama kwenye kivuli cha joho. Hapo msomaji amebaki na msiba mtupu, nusu ya maana haipo. Tafuta pia herufi P, C na S zilizosukwa pamoja, ndiyo sahihi ya Smith. Zisiposomeka, huenda picha imenakiliwa kutoka nakala nyingine. Hata hivyo, chapa ya kampuni nyingine si lazima iwe ya wizi. Smith alifariki 1951, na hakimiliki ya Uingereza, ambayo ni miaka 70 baada ya kifo, iliisha mwishoni mwa 2021. Hukumu wino, usihukumu jina.

Mkono uliozoea matatu, ule mchezo wa karata wa Uganda, utapata tabu. Ukizikunja na kuziachia ziingiliane kama zile karata 52 za kawaida, kona hupasuka. Zishike ubavu mrefu, uzichange kwa mafungu madogo kutoka mkono huu kwenda ule. Mvua za Machi hadi Mei huzipinda, kwani upande mmoja hunywa unyevu kuliko mwingine. Zibane chini ya kitabu kizito usiku mzima, na kwenye boksi tia kile kifuko cha chembe za kukausha kinachokuja na viatu. Boksi lenyewe ni dhaifu, masikio ya kifuniko huchanika upesi, na kijitabu ni cha Kiingereza chenye herufi za kuumiza macho. Mgongo, wenye mistari ya buluu iliyopishana, umefanywa vizuri: hauonyeshi karata ipi iko kichwa chini.