Skafu Moja ya Sufu, Makoti Tofauti: Tazama Kola Kwanza

Haya, karibuni tena. Leo mezani kuna kitu kimoja tu, skafu ya sufu. Kijivu kilichokolea, urefu sentimita 180, upana 35, matamvua mafupi ncha zote mbili. Nimeivalia suti, jaketi la jinzi, sweta, koti refu, na nimetoka nayo kwenye upepo, kwenye manyunyu, na kwenye ile baridi kavu inayouma masikio.

Swali ninaloulizwa kila mara ni moja: inafungwaje? Mimi nasema kabla hujafika kwenye fundo, jitazame shingoni. Nguo uliyovaa ina kola gani? Ukishajua hilo, fundo limeshajichagua lenyewe.

Ila tuanze na kitambaa. Nasogeza hapa karibu na kamera. Mnaviona vinywele hivi vinavyochomoza juu? Hivyo ndivyo vinavyochoma. Wengi husema, "Sufu mimi inaniwasha, nina mzio." Mara nyingi si mzio, ni unene wa unywele wenyewe. Unywele wa sufu hupimwa kwa maikroni, na maikroni 1,000 ndiyo milimita moja. Ukifika maikroni 30 au zaidi, ncha yake ikigusa ngozi haipindi, inadunga. Sufu ya kondoo wa Merino kwa kawaida iko chini ya 24, na ile laini hasa ni 17 au 18. Hii yangu ni ya 19, naivaa bila kola chini yake na sijikuni.

Ukienda kununua usiipime kwa kiganja, kiganja kimezoea kazi, kitakudanganya. Iweke chini ya kidevu, isugue kidogo, tulia. Ikikuwasha hapo hapo, achana nayo, maana siku ukitoka jasho itakuwa balaa. Halafu geuza lebo. Ile alama ya Woolmark, yenye mistari iliyojizungusha, ipo tangu 1964, na ikiwa peke yake bila neno la mchanganyiko, maana yake ni sufu tupu. Akriliki, ule uzi wa kiwandani unaoiga sufu, nao ni laini sana siku ya kwanza, sibishi. Uvae wiki kadhaa ndipo tuongee.

Sasa tuvae.

Hapa nina shati, suti, na koti refu juu yake. Kola ya koti imelala, kifua kiko wazi kwa umbo la V. Hapa hakuna fundo kabisa! Unapitisha skafu nyuma ya shingo, ncha mbili zinashuka, moja inalala juu ya nyingine kifuani, unafunga koti. Basi. Angalieni chini: ncha zisichungulie kwenye pindo la koti. Ukiweka fundo hapa kola inasukumwa nje, tai inapotea, na unaonekana umefungwa shingo kama mgonjwa wa koo.

Koti lisilo na kola, lile la shingo ya duara, ndilo linalohitaji fundo. Kunja skafu katikati, iweke nyuma ya shingo, ncha mbili zipite kwenye kile kitanzi cha mbele, vuta. Wanaliita fundo la Paris. Siri iko kwenye kuvuta: vuta mpaka kitanzi kigusane na shingo, kisha kilegeze hadi vidole viwili vipenye. Ule uwazi mdogo ndio unaobeba hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayokupa joto. Ukikaza unajinyonga tu, na baridi bado unaisikia. Na hapa ndipo skafu nyembamba inapoishinda nene, maana imekunjwa mara mbili. Ile nene iliyofumwa kwa uzi mnene kama kidole, ukiikunja hivi, kidevu hakina pa kukaa.

Jaketi la jinzi, izungushe mara moja, ncha moja mbele, moja nyuma, usizilinganishe. Sweta lenye shingo ndefu limeshaziba kila kitu, kwa hiyo skafu hapo ni pambo, iache ining'inie. Jaketi lenye kofia mgongoni, pitisha skafu chini ya kofia, si juu yake, la sivyo utaonekana una kibiongo.

Jaketi lililojazwa manyoya, lenye zipu hadi mdomoni, ushauri wangu ni iache skafu nyumbani. Najua wengine mtakataa. Zipu na sufu hazipatani, na kola yake tayari inafanya kazi ile ile.

Rangi sitapoteza muda. Nguo ina miraba, skafu iwe rangi moja. Nguo ni rangi moja, fanya unavyotaka.

Kitu kimoja kwa wanaovaa herini. Tazameni hapa, pembeni. Mnaona uzi umevutika ukawa kitanzi? Ni herini ya kulabu ilinasa. Usiukate, ukiukata umeanzisha tundu. Chukua sindano, uingize ule uzi taratibu upande wa ndani, kisha nyoosha kitambaa kwa vidole, kushoto na kulia. Umeona? Haupo.

Hali ya hewa. Baridi kavu bila upepo, skafu hii ni starehe. Upepo ni habari nyingine, kwa sababu kitambaa kilichofumwa kina matundu na upepo unapita kati yake. Siku ya upepo iingize ndani ya koti, inua kola ya koti juu yake, ya nje izuie upepo, ya ndani ishike joto. Watu hufanya kinyume, skafu juu ya koti, halafu wanalalamika sufu yao ni feki.

Manyunyu, hapo sufu inanifurahisha. Inaweza kufyonza mvuke wa maji karibu asilimia 30 ya uzito wake na bado ukiigusa usihisi umajimaji. Tena wakati inafyonza, inatoa joto kidogo. Ndiyo maana ukitoka kwenye chumba kikavu kuingia kwenye ukungu, shingo haishtuki. Yale matone yaliyokaa juu unayakung'uta tu. Mvua kubwa, hapana. Inalowa, inakuwa nzito, inarefuka. Ikishalowa usiitundike, ilaze juu ya taulo, mbali na hita.

Baiskeli na pikipiki: ncha zote ndani ya jaketi, na hili sifanyi mzaha. Isadora Duncan, mcheza dansi wa Marekani, alifariki mjini Nice mwaka 1927 skafu yake ndefu ya hariri iliponaswa na gurudumu la gari alilopanda. Lifti na ngazi za umeme ni vivyo hivyo.

Kasoro sasa. Ya kwanza ni upana. Sentimita 35 shingoni zinatosha, lakini ukiingia kwenye chumba chenye kiyoyozi ukataka kuifungua uitupie mabegani, haifiki popote. Kama unataka ya kazi zote mbili, tafuta yenye upana wa sentimita 60 au 70, ila iwe nyembamba zaidi. Ya pili, vipira vya nyuzi vinavyoota juu ya kitambaa. Angalieni hapa nyuma, panaposuguana na kola ya koti, vimeshajitokeza. Sufu laini ina tabia hiyo. Vinyoe kwa kile kimashine kidogo, usivivute kwa kucha.

Kufua: maji yasizidi nyuzi 30, sabuni ya sufu, ibonyeze tu, usiisugue wala kuikamua kwa kuipinda. Unywele wa sufu una magamba madogo madogo, na ukiusugua kwenye maji ya moto yanashikana, skafu inasinyaa na hairudi tena. Kabla ya kuihifadhi, ifue hata kama unaiona safi. Wanaoitoboa ni viwavi wa nondo, na jasho na madoa ya chakula ndivyo vinavyowaita. Ikikauka kabisa, itie kwenye mfuko unaofunga vizuri.

Je, ningeinunua tena? Kwa mwenye makoti ya kola au yale ya duara, ndiyo, tena rangi hii hii. Kwa mwenye majaketi ya zipu tu, nunua kofia nzuri. Kipindi kijacho nitakuwa na glavu za sufu, zile za kugusia simu, na hizo nina maneno nazo.