Rejeta ya alumini kwenye pikapu ya zamani: inaponya kuchemsha?

Karibuni tena, ndugu zangu. Hii mnayoiona ni rejeta ya alumini, safu mbili za mirija mipana. Nimeifunga kwenye pikapu yangu ya mwaka 1972 badala ya ile ya shaba. Wengi mmeniuliza kama inaponya kuchemsha. Inaponya aina moja tu ya kuchemsha, kwa hiyo ijue aina ya kwako kwanza kabla hujatoa hela.

Gari likichemsha kwenye foleni, halafu likishika mwendo mshale wa joto ukashuka, hapo upepo ndio haba. Angalia feni na belti yake. Lakini likichemsha mlimani au kwenye mwendo mkali, mara nyingi maji hayapiti: mirija imeziba kwa kutu, au hozi ya chini inabonyea pampu ya maji ikivuta.

Yangu ilikuwa inachemsha mlimani. Nilipoipima rejeta ya zamani injini ikiwa ya moto, katikati palikuwa baridi wakati pembeni panaunguza. Mirija ya katikati ilikuwa imekufa! Nikafunga hii, nikapanda kilima kilekile, mshale ukatulia kwenye nyuzi 85. Jamani, nilifurahi.

Kasoro yake ni kava la feni, lile linaloizunguka feni nyuma ya rejeta. Haikuja nalo, na la zamani halikukaa. Nikaendesha bila kava, na gari ambalo halikuwahi kuchemsha kwenye foleni likaanza kuchemsha huko huko. Feni isiyo na kava inavuta hewa ya pembeni, ile ya kupita kwenye rejeta inaachwa. Nikakunja bati mwenyewe, mapanga ya feni yakakaa nusu ndani, nusu nje. Tatizo likaisha siku hiyohiyo. Kwa bei ya rejeta hii, kava lingepaswa kuwemo kwenye boksi.

Thermostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto, msiitoe, nawaomba. Mafundi wengi huitupa, lakini kuitoa hakuzibui mirija iliyoziba, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi inalika haraka. Mimi nimeweka mpya, ya nyuzi 82.

Alumini pia haitaki maji matupu ya bomba. Weka kulanti (dawa ya rejeta) nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Mfuniko uwe wa presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Rejeta naikubali. Ila kama yako inachemsha ukiwa umesimama tu, anza na feni na kava, rejeta iache kwanza.