Kulala kwenye mnara wa moto Idaho: lipa ada, na ukiweza ongeza

Kukodi mnara wa zamani wa kuangalizia moto wa misitu ni matumizi ya pesa ninayoyapendekeza bila kusita, na sababu kubwa ni kule pesa hiyo inakokwenda.

Mingi ya minara hii ni mali ya Huduma ya Misitu ya Marekani. Ile isiyo na mlinzi tena, baadhi yake hukodishwa kwa usiku na nafasi unaiweka mtandaoni. Niliolala mimi uko kaskazini mwa Idaho. Ni chumba cha mbao juu ya nguzo ndefu, kwa mchoro wa ujenzi ujulikanao kama L-4: futi 14 kwa 14, madirisha pande zote nne. Nililipa chini ya dola 100 kwa usiku. Maji hakuna, umeme hakuna. Kila lita unaipandisha mgongoni. Ngazi ni kali, kwa hiyo anayeshikwa na kizunguzungu asijilazimishe.

Katikati ya chumba kimebaki kifaa cha Osborne, sahani ya chuma ya duara yenye ramani na vilengeo viwili. Mlinzi akiona moshi alikizungusha, akasoma digrii, akapiga simu. Mnara wa pili ukisoma moshi uleule, mistari miwili inapokatana kwenye ramani ndipo penye moto. Pembeni kuna kigoda ambacho kila mguu umevishwa kikombe cha kioo, aina ile ya nguzo za simu za zamani. Radi zikianza kupiga, mlinzi alipanda juu yake ili umeme usipite mwilini mwake. Nilikaa na kigoda kile mapajani muda mrefu, nikimfikiria mtu aliyekuwa huku peke yake, tufani imemzunguka, na bado kazi yake ni kutazama radi imeangukia wapi.

Eneo lenyewe lina historia nzito. Agosti 1910 moto uliteketeza takriban ekari milioni 3 katika majimbo ya Idaho, Montana na Washington kwa siku mbili tu, ukaua watu wasiopungua 85, wengi wao wazima moto. Baada ya hapo ujenzi wa minara ukashika kasi, na vijana wa CCC, mpango wa serikali wa kuwapa kazi vijana wasio na ajira, wakajenga mingi kati ya 1933 na 1942. Baadaye ndege zikachukua kazi, milango ikafungwa, theluji na panya wakaingia.

Kasoro niliyoiona: vifuniko viwili vya madirisha upande wa magharibi vimeoza kwenye bawaba, na usiku upepo ulipenya. Lakini dirisha la jirani lilikuwa na puti mpya ya kushikilia kioo, nyeupe, imelainishwa kwa kidole cha mtu mwenye subira, na kioo kipya kimekaa sambamba na vioo vya zamani vyenye mawimbi. Hiyo ndiyo ada yetu na jasho la watu wa kujitolea. Sheria ya Marekani ya 2004 kuhusu ada hizi inataka kwa kawaida si chini ya asilimia 80 ya ada ibaki kwenye eneo ilikokusanywa.

Hata hivyo, ada haitoshi, na wageni wengi hawalijui hili. Mbao hupandishwa kwa nyumbu au helikopta, msimu wa kazi ni mfupi, na jengo la kihistoria hulipachiki ubao wowote tu. Linatakiwa lifanane na la awali. Sheria ya 2020 ilitenga hadi dola bilioni 1.9 kwa mwaka, kwa miaka 5, kwa matengenezo ya ardhi za umma, na Huduma ya Misitu ikapata asilimia 15. Humo mnara uligombania fungu na barabara, madaraja na vyoo. Na pesa pekee haiokoi jengo: mnara wa Green Mountain, Washington, uliojengwa 1933, ulikarabatiwa kwa msaada wa helikopta ndani ya pori linalolindwa, kesi ikafunguliwa kupinga hilo, mahakama ikaamuru uondolewe mwaka 2012, mpaka Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuunusuru mwaka 2014.

Kwa hiyo mimi naona ada ipandishwe kidogo, na ukutani ibandikwe karatasi inayosema mwaka jana pesa ilitengeneza nini: nguzo ipi, dirisha lipi. Ningelipa zaidi kwa furaha. Anayetaka kuongeza mchango aanze na Forest Fire Lookout Association, chama kilichoanzishwa 1990, au kikundi cha wanaoutunza mnara aliolala.

Weka nafasi mapema sana, wikendi za kiangazi huisha haraka. Beba maji mengi kuliko unavyodhani yatatosha, funga vifuniko vyote kabla ya kushuka, na ukiona ubao umeoza piga picha uipeleke ofisi ya msitu siku hiyohiyo.