Trezor Safe 3 mikononi mwa muuza mapazia wa Gikomba

Ninauza mapazia na mashuka ya mitumba Gikomba, na huu ni mwaka wa kumi na saba. Soko letu huungua. Moto wa Juni 2018 uliua watu wasiopungua 15, na mingine imetuzuru kabla na baada ya huo. Katika mmojawapo nilipoteza marobota mawili na daftari la madeni. Marobota nilinunua mengine. Daftari halikupatikana tena, na bila daftari sikuwa na la kumwonyesha mtu yeyote aliyekuwa na pesa zangu.

Nayasema haya mapema kwa sababu waleti ya hadiwea, yaani hii Trezor Safe 3, nimeipima kwa jicho hilo: kitu changu kikiteketea usiku wa leo, kesho asubuhi nitabaki na nini mkononi?

Tangu 2021 nimekuwa nikinunua Bitcoin, sarafu ya kidijitali, kidogo kidogo, za shilingi 500 au 1,000, siku ambazo biashara imekwenda vizuri. Nilikuwa naziacha palepale kwenye soko la mtandaoni nilikozinunua. Novemba 2022, FTX, soko kubwa la sarafu za kidijitali, ilipoanguka, soko nililolitumia mimi, ambalo ni jingine kabisa, lilizuia watu kutoa pesa kwa siku nne. Siku hizo nne sikulala. Walipofungua nilishaelewa kwamba ufunguo wa akiba yangu ulikuwa mkononi mwa watu nisiowajua.

Kwa wasioijua, waleti hii ni kifaa kidogo kinachotunza ufunguo wa siri mbali na simu na kompyuta. Bitcoin zenyewe hazikai ndani yake. Zimeandikwa kwenye leja, yaani daftari la hesabu, la mtandao mzima, na ufunguo ndio unaoruhusu kuzihamisha. Ukianza kukitumia, kifaa hukupa maneno kadhaa ya kuandika. Kifaa kikipotea au kikiharibika, maneno hayo yanaurudisha ufunguo uleule kwenye kifaa kingine. Kwa hiyo aliye na maneno ndiye mwenye pesa, awe mimi au mwizi.

Nilianza kutafuta mjini. Ghorofani katika jengo moja katikati ya jiji kuna duka dogo la simu, na kijana wa pale alinitolea kifaa kutoka kwenye boksi lililokwisha kufunguliwa. Bei ilikuwa nusu.

"Mama, hii imetumika wiki moja tu. Nimekutayarishia kila kitu, hata maneno yamo."

Alinionyesha kadi yenye maneno 24 yaliyoandikwa kwa kalamu, mwandiko safi kabisa.

"Haya maneno ameyaandika nani, mwanangu?"

"Yanakuja na kifaa, mama."

Nilimrudishia, nikashuka ngazi. Tafadhali, msomaji wangu, hapa nisikilize vizuri. Maneno hayaji na kifaa. Kifaa huyatunga mbele yako, siku ile unayokianzisha, na huyaonyesha kwenye kioo chake chenyewe. Ukiyakuta yameandikwa tayari, yuko mtu mwenye nakala, naye anangoja ujaze waleti ndipo aikombe. Sijui kama kijana yule alikuwa mwizi au naye alidanganywa na aliyemuuzia. Kwangu haikuwa na tofauti.

Binamu yangu anaishi Ujerumani. Nilimwomba aagize Trezor Safe 3 kutoka duka la watengenezaji wenyewe, SatoshiLabs wa Prague, aje nayo Desemba. Kifaa kilipotoka Oktoba 2023 kiliuzwa dola 79, yaani kama shilingi 10,000 kwa kiwango cha siku hizi. Nilimwambia aagize kwa anwani ya kazini kwake, sio nyumbani. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger, kampuni ya Ufaransa inayotengeneza vifaa vya aina hii, zilivuja: majina na anwani za watu zaidi ya 270,000. Baadaye baadhi yao walitumiwa kwa posta vifaa bandia vilivyofungwa vizuri kama halali. Orodha ya watu wenye Bitcoin pamoja na mahali wanapolala ni kitu cha kuogopa, hapa Nairobi na kwingine kote.

Kifaa kinakaribia ukubwa wa kiberiti, ila ni chembamba na chepesi. Kina vitufe viwili tu na kioo kidogo cha maandishi meupe. Tundu la kebo limefunikwa kwa kibandiko kinachometameta, na kazi ya kwanza ni kukikagua kabla ya kukibandua. Changu kilikuwa kizima.

Mpwa wangu anayesoma chuo alikuja Jumapili na laptopu yake. Programu inaitwa Trezor Suite. Tuliiandika anwani ya trezor.io herufi kwa herufi, bila kupitia matangazo yanayojitokeza juu unapotafuta, kwa sababu zipo programu bandia zenye sura ileile ambazo zitakuomba uandike maneno yako kwenye kompyuta. Kuna jambo lililonifurahisha: kifaa huja kitupu, bila famuwea, yaani programu ya ndani inayokiendesha. Suite ndiyo inayoiweka, kisha inakihoji kifaa kupitia chipu yake ya usalama kama kweli kimetoka kiwandani. Ukipewa kifaa "kipya" ambacho tayari kina famuwea, uliza kwa nini. Nilichagua famuwea ya Bitcoin peke yake. Sarafu nyingine sina, na sioni sababu ya kubeba milango nisiyoitumia.

Ndipo tukafika kwenye maneno. Mpwa wangu alikuwa tayari ameshika simu.

"Shangazi, wacha nikupigie picha usije ukayapoteza."

"Hapana, mwanangu. Toka kwanza, unisubiri nje. Na hiyo simu nenda nayo."

Alicheka, akatoka. Sikumfukuza kwa kumshuku. Picha ya simu hupanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ikishapanda huwezi kusema imefika wapi. Nilifunga mlango, nikavuta pazia, nikaifunika kamera ya laptopu kwa karatasi, nikazima na simu yangu.

Safe 3 siku hizi hupendekeza maneno 20 kwa mfumo mpya. Nilikwenda kwenye chaguo la zamani la maneno 12 ya kanuni ya BIP39, kwa kuwa waleti nyingi za kampuni nyingine zinaielewa. Kampuni hii ikifa kesho, bado nitaweza kuyaingiza maneno yangu kwenye kifaa cha mwingine. Kanuni hiyo ni ya 2013, na waanzilishi wa kampuni hii walikuwa miongoni mwa walioiandika. Maneno hutoka kwenye orodha ya maneno 2,048, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitofautisha kila neno na mengine yote. Orodha niliyopewa ni ya Kiingereza. Zipo rasmi za Kijapani, Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano, hata Kicheki. Ya Kiswahili haimo, na jambo hilo linaniuma. Mama yangu angeweza kutunza maneno 12 ya lugha yake kichwani mpaka anaingia kaburini. Ningependa vijana wetu wanaojua kompyuta walichukue jambo hili.

Niliandika kwa penseli, herufi kubwa, nikiweka namba kila neno, maana mpangilio ukivurugika hayafai. Kifaa kilinihoji baadhi ya maneno kuhakikisha nimeandika sawasawa. Kisha pini, ambayo unaiweka kwenye kifaa chenyewe kwa vile vitufe viwili, na mtu akikosea mara nyingi kifaa hujifuta. Nilichagua tarakimu nane ambazo si mwaka wa kuzaliwa wala namba ya M-Pesa. Hapo wengi hushangilia na kutuma pesa.

Mimi nilikifuta.

Niliingia kwenye mipangilio ya Suite nikaamuru kifaa kifutwe kabisa, kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Kabla ya hapo nilikuwa nimenakili anwani ya kwanza ya kupokelea pesa, ile inayoanza na bc1q. Hakukuwa na hata senti ndani, lakini mkono ulitetemeka. Halafu nikachagua kurejesha waleti, nikaanza kuingiza maneno kutoka kwenye karatasi yangu, herufi moja baada ya nyingine kwa vitufe viwili. Si kazi ya haraka. Macho yangu ni ya miaka 52 na kioo ni kidogo, hivyo nilivaa miwani na kuchukua karibu dakika ishirini. Nilipomaliza, nikaomba anwani ya kwanza. Ilikuwa ileile, mwanzo mpaka mwisho. Niliisoma mara mbili, kisha nikamwita mpwa wangu aje anywe chai.

Kama ningeambiwa nisifu jambo moja tu katika kifaa hiki, ni hilo. Kimenipa nafasi ya kuuona moto kabla haujawaka. Daftari langu la madeni halikuwahi kunipa nafasi hiyo.

Karatasi haikutosha, kwa sababu ninazozijua. Jumanne nilikwenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, pale wanapogonga masanduku na majiko mchana kutwa. Niliomba vipande viwili vya bati nene, ukubwa wa kiganja, vya stenlesi. Fundi alinitolea alumini.

"Hii ni laini, mama, itaandikika vizuri."

"Najua, fundi. Lakini nataka ya kuvumilia moto."

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Stenlesi ya kawaida huvuka 1,400, na moto wa nyumba kwa kawaida haufiki huko. Alinikatia, akanisugulia kingo, na hakuuliza ni za nini. Vyuma vya kugongea herufi nilivipata Barabara ya Kirinyaga, pale pa vipuri. Kugonga nilifanya mwenyewe nyumbani, redio ikiwa juu ili jirani asijiulize kelele ni za nini: herufi nne za kila neno, namba pembeni. Kipande cha kwanza niliharibu neno la saba nikalirudia chini yake. Baada ya kuvihakiki vyote viwili niliichoma karatasi kwenye jiko la makaa nikakoroga majivu.

Ndipo nikatuma pesa, na si zote. Nilihamisha kwanza thamani ya shilingi 1,000 kutoka kwenye lile soko. Hapa pia pana mtego: ziko programu chafu zinazobadilisha anwani uliyonakili na kuweka ya mwizi. Kwa hiyo anwani iliyo kwenye laptopu uilinganishe na ile inayoonyeshwa na kioo cha kifaa, yote, bila kuishia herufi za mwanzo na za mwisho. Kioo cha kifaa ndicho cha kuaminiwa. Muamala ulithibitishwa baada ya robo saa hivi. Bloku moja, yaani fungu la miamala inayoandikwa pamoja kwenye leja, huchukua wastani wa dakika kumi, kwa hiyo usipaparike. Kisha nikajaribu kutoa: nikamtumia mpwa wangu kiasi kidogo kutoka kwenye kifaa, nikakubali kwa kitufe, kikafika. Zilizobaki nilizihamisha Ijumaa usiku kwa mkupuo mmoja, ili nisilipe ada ya mtandao mara nyingi.

Kuna neno la ziada ambalo unaweza kuliongeza juu ya yale 12, ambalo halihifadhiwi kwenye kifaa na linafungua waleti nyingine kabisa. Nimeliacha. Ukilisahau hakuna wa kukusaidia, na siku nikiondoka duniani dada yangu atakuwa na fumbo moja zaidi. Mtu mwenye mali nyingi kuliko yangu labda analihitaji.

Je, ninakipendekeza? Ndiyo, kwa moyo wote, kwa mtu ambaye akiba yake imefika kiasi ambacho kikipotea atalia. Mwenye Bitcoin za shilingi elfu mbili na anayezitumia kila siku, waleti ya simu inamtosha kwa sasa. Asitoe elfu kumi kulinda elfu mbili. Na mtu asiye na mahali pa faragha hata kwa saa moja, kwa mfano anayeishi chumba kimoja na watu watano, kwanza atafute saa hiyo na mahali hapo, hata ikibidi aombe chumba kwa ndugu. Kifaa bora namna gani hakimfai aliyeandika maneno yake mbele za watu.

Wiki iliyopita mtu alinipigia akisema yeye ni wa huduma kwa wateja wa waleti, kwamba kifaa changu kina hitilafu na anahitaji maneno yangu ili akisahihishe. Sauti ilikuwa ya upole, Kiswahili kizuri. Nilikata simu. Hakuna fundi wala kampuni yenye haja ya maneno hayo. Yanaingizwa kwenye kifaa tu, na mkono wangu.

Kipande kimoja cha stenlesi nimekihifadhi Nairobi. Cha pili kitakwenda kwa dada yangu ukambani, kikiwa kimeshonwa ndani ya kifurushi ambacho tumekubaliana hakifunguliwi nikiwa hai. Nitakipeleka mwenyewe shule zikifungwa, sitakituma kwa basi. Na binamu akija tena Desemba ataniletea Safe 3 nyingine, ya dada huyo huyo, naye tutakaa mezani tukifute kile kifaa kabla hajaweka kitu.