Hajime Moriyasu: Kocha wa Kipindi cha Pili

Nyota nne kati ya tano. Nje ya Japani jina la Moriyasu, kocha wa timu ya taifa ya soka ya Japani, halivumi kama la wachezaji Mitoma au Kubo anaowafundisha, na hapo hatendewi haki. Kama ukocha ni huduma, yake hunoga baada ya mapumziko.

Enzi zake alikuwa kiungo mkabaji, mechi 35 za taifa. Alikuwa uwanjani Doha, Qatar, tarehe 28 Oktoba 1993, Iraq iliposawazisha 2-2 dakika za mwisho kabisa na kuinyima Japani tiketi ya Kombe la Dunia la 1994. Akiwa kocha akaja kuipa klabu ya Sanfrecce Hiroshima ubingwa wa Japani mara tatu (2012, 2013, 2015), kisha mwaka 2022 akarudi Qatar kwenye Kombe la Dunia akiwa kocha wa taifa.

Mechi ya Ujerumani ndiyo ya kuirudia. Kipindi cha kwanza Raum, beki wa Ujerumani, alikuwa peke yake upande wa kushoto, na penalti ya Gündogan ilitokana na yeye kuangushwa. Mapumziko, Kubo akatoka, beki Tomiyasu akaingia: mabeki wa kati wakawa watatu, na kila mchezaji wa pembeni akapata mtu wake wa kumkaba. Dakika ya 57 wakaingia Mitoma na Asano, ya 71 Doan, kisha Minamino. Mawinga wawili, Mitoma na Ito, sasa wanacheza kama mabeki wa pembeni! Doan akasawazisha dakika ya 75, Asano akamaliza dakika ya 83.

Ukitaka kuiga, usianze na mchoro ubaoni. Tafuta kwanza mabeki watatu wanaoweza kukaba mtu kwa mtu wakiwa na uwazi mkubwa nyuma yao, na mawinga wanaokubali kurudi mbio mita sitini. Halafu wenye kasi wawili wabaki benchi, hata mashabiki wakipiga kelele. Ukikosa winga wa kurudi, wale watano wa nyuma (mabeki watatu na mawinga wawili) watarundikana langoni kwao na hakuna atakayekaba juu, karibu na lango la wapinzani.

Nyota iliyokatwa? Siku nne baadaye alibadilisha watano kikosini dhidi ya Costa Rica, waliokaa nyuma wasiache nafasi; Japani ikafungwa 1-0. Timu inayojifungia humsumbua, kwani mtindo wake hula nafasi iliyo nyuma ya mabeki. Dhidi ya Croatia, mechi iliyoamuliwa kwa mikwaju ya penalti, aliacha wachezaji wajitolee wenyewe kupiga penalti, na watatu kati ya wanne wakakosa. Mikwaju hupangwa mapema, kwa majina. Robo fainali ya Kombe la Asia 2024, Iran walimwaga mipira mirefu upande wa beki Itakura, aliyeonekana wazi kuzidiwa, naye Moriyasu akamwacha uwanjani hadi akasababisha penalti ya dakika za nyongeza.

Ila Oktoba 2025, Tokyo, Brazil waliongoza 2-0 hadi mapumziko. Mechi iliisha 3-2, Japani wakiwa washindi.