uBlock Origin kwenye simu: uzoefu wangu wa kuzuia matangazo hapa Lamu

Matangazo ya mtandaoni yanazuilika, ila si yote, na anayenunua bando kila siku ni vyema ajue ni yapi. Mimi natumia uBlock Origin, kiongezo cha kuzuia matangazo kinachowekwa ndani ya kivinjari cha Firefox, kwenye simu ya kawaida ya Android, hapa Langoni.

Kilichonisukuma ni ukurasa wa upepo. Kaka yangu ni nahodha, na kusi ikivuma, kabla hajatweka tanga kwenda Pate mimi ndiye ninayemsomea hali ya bahari. Tangazo la kamari lilikuwa likitanda juu ya jedwali lote, na alama ya kulifunga ni ndogo hata kidole gumba huifunika. Ukibonyeza, unajikuta kwenye mchezo wa kubashiri, na watoto wako ubavuni wanatazama. Hilo la watoto ndilo lililoniudhi zaidi.

Programu hii aliitoa Raymond Hill mwaka 2014. Ni ya bure, wala michango haombi. Ukurasa unapofunguka huita vipande kutoka seva nyingi, na matangazo mengi hutoka seva za watu wengine kabisa. uBlock ina orodha ndefu za anwani hizo, basi huyakatalia mlangoni kabla hayajapakuliwa. Ndiyo maana bando linadumu. Ukigusa menyu ya Firefox ukaingia kwenye viongezo, utaona hesabu ya vilivyozuiwa. Kwenye ukurasa mmoja tu wa habari naiona namba ikipanda huku natazama. Chrome ya simu haipokei viongezo, kwa hiyo lazima uhame kivinjari.

Kwa michezo na programu nyingine, Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu ya DNS ya faragha, yaani pa kuchagua seva itakayoitafutia simu anwani za mtandaoni. Andika dns.adguard-dns.com, seva inayokataa anwani za matangazo, umemaliza. Lakini tangazo likitoka anwani ileile inayoleta video yenyewe, DNS haina la kufanya.

Kazi ngumu ni tangazo lililoshonwa ndani. Mpishi anakoroga biriani, mara anasimama kusifu mafuta fulani. Sauti yake na tangazo ni faili moja, hakuna seva ya kukatalia. Hapo nimejaribu SponsorBlock, iliyoanza 2019: watazamaji wenyewe huweka alama tangazo linapoanzia na linapoishia, nayo programu huliruka. Kazi nzuri mno, lakini inategemea watu, na video za Kiswahili ninazozitazama mimi sijakuta zilizowekewa alama. Makala iliyolipiwa, iliyoandikwa kama habari, ndiyo kabisa: utafute mwenyewe neno "imedhaminiwa" pembeni.

Gazeti ninalolisoma kila asubuhi nimelifungulia matangazo yake, maana waandishi wanakula hapo. Unagusa kitufe kikubwa cha kuzima, na uBlock inakumbuka ni tovuti ile tu.