TAHADHARI: Muuza bodi za Arduino hapa Mwanga, taa inawaka lakini USB imekufa

Ndugu zangu wa Kigoma, nimepigwa. Naandika kwa aibu, lakini afadhali niseme kabla hajapigwa mwingine. Yule jamaa wa meza ya vifaa vya umeme pale Mwanga, anayejiita fundi, ameniuzia bodi tatu mbovu za Arduino, vile vibao vya kielektroniki unavyovipangia programu kwa kompyuta, kwa elfu tisini.

Nilimfikia Jumamosi alasiri. Bodi ziko kwenye vifuko vya rangi ya fedha, vimefungwa vizuri. Akafungua kimoja mbele yangu, akachomeka waya kwenye pawabenki yake. Taa ya kijani ikawaka, na ile ndogo yenye herufi L ikaanza kuwaka na kuzima, sekunde moja moja. "Unaona? Inapumua hiyo." Na kweli niliiona inapumua. Laptopu nilikuwa nayo begani, haina chaji, na umeme ulikatika tangu asubuhi. Yeye alilijua hilo.

Msinihukumu haraka. Alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba hizi ni kopi za Arduino Uno, zinatumia CH340, ile chipu ya kuunganisha USB, nisisahau draiva, yaani programu ya kompyuta kuitambua. Akaniambia hata waya niuchague, kwa sababu nyingine ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data. Mwongo gani anakupa ukweli wote huo? Nikahesabu noti.

Usiku umeme uliporudi nikachomeka kwenye laptopu. Taa inapumua vilevile, ila kwenye orodha ya poti, pale bodi iliyounganishwa inapotakiwa kuonekana, hakuna kitu. Nikabadili waya mara nne, wa mwisho nikauchomoa kwenye printa yangu inayofanya kazi kila siku. Nikapandisha draiva upya. Nikaenda kumgongea jirani wa steshenari, kompyuta yake nayo haioni kitu. Bodi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ikaanza kunichoma kidole. Saa saba usiku nikachukua kioo cha kukuzia: ile chipu ndogo karibu na soketi ya USB imekwanguliwa maandishi, na kwenye bodi ya tatu ina kitobo kama cha ncha ya sindano, pembeni pameungua.

Ile programu ya kuwasha taa inakaa kwenye chipu kubwa, ATmega328P. Ikipata volti 5 tu inaendelea, haihitaji data. Hili nimewafundisha vijana kwa mdomo wangu mwenyewe, ndiyo maana linaniuma hivi.

Mtasema nipitishe programu kwenye pini 6 za ICSP, zinazoingia moja kwa moja kwenye chipu kubwa bila USB. Nimefanya, mbili zimekubali programu. Lakini joto la mayai ya kuanguliwa nilitaka kulisoma kwenye laptopu kupitia USB. Sasa nasoma nini?

Nilipompigia akasema laptopu yangu ina virusi. Nikapiga tena, hapokei. Huyu ni mwizi, tena anakutazama machoni. Anyang'anywe ile meza, wenye fremu za pale wamfukuze, arudishe kila shilingi ndipo alale rumande. Watoto wa shule wanachangishana wanunue bodi moja, naye anawauzia takataka!

Mtu akikuonyesha taa kwa pawabenki tu, usitoe pesa. Poti ionekane kwanza, programu ipande hapohapo. Na itazame ile chipu ya USB kama ina maandishi.

Zangu zote tatu ninazo, sijazitupa. Kama umenunua kwake, fungua vifuko leo leo uniandikie, twende kituoni pamoja.